UZI: P0325, P0327, P0328 na taimingi ya cheche. Pima kabla hujanunua sensa ya noki

#1 · FundiMita (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Swali la "gari imeleta P0325, sensa ya noki bei gani?" limekuwa la kila siku humu, na kila siku linajibiwa kwa bei. Naomba tulijibu mara moja kwa vipimo, maana sensa nzima zinatupwa na waya mbovu zinabaki kwenye gari.

La kwanza la kushika: namba hizi za hitilafu, zinazosomwa kwa skana, hazisemi kwamba injini inagonga (noki, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda). Zinasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) haipati taarifa inayoeleweka kutoka kwenye sensa. Injini inayogonga kweli ikiwa na sensa nzima mara nyingi haiwashi taa yoyote. Boksi linachelewesha cheche kimyakimya, wewe unasikia tu gari imekuwa nzito na mafuta yanaisha haraka. Kwa hiyo kuna magonjwa mawili tofauti, na yana njia mbili tofauti za kupima. Uzi huu naanza na saketi ya sensa.

Sensa yenyewe ina kipande cha piezo ndani. Kikibanwa na mtikisiko wa bloku kinatoa volti kidogo. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukilipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, silinda inatetemeka kwa kasi inayotegemea kipenyo chake. Hesabu ya kukadiria: 900 gawanya kwa (3.14 × nusu ya kipenyo kwa milimita), jibu ni kilohezi. Injini ya Toyota 1NZ-FE yenye kipenyo cha mm 75 inakuja kama 7.6. 2AZ-FE yenye mm 88.5 inakuja kama 6.5. Boksi linasikiliza eneo hilo la sauti tu, tena kwa muda mfupi baada ya kila pistoni kupita juu kabisa. Likisikia, linarudisha cheche nyuma kwa nyuzi kadhaa, kisha linaziwahisha tena polepole mpaka lisikie tena.

Likipoteza sensa, halina njia ya kujua kama injini inagonga. Linachagua usalama: linachelewesha cheche kwa kiwango kikubwa na kubaki hapo. Ndiyo maana gari yenye P0325 inakata pumzi mlimani na ekzosi inapata joto kupita kawaida.

Sasa aina za sensa, kwa sababu kipimo cha moja ukikitumia kwenye nyingine utadanganyika:

Toyota za zamani zina sensa ya waya mmoja inayojifunga kwa manyoya (hesi kama za skurubu) kwenye bloku, umbo kama swichi ya oili. Ukipima kati ya pini na bodi yake, lazima usome zaidi ya megaomu 1. Ikisoma chini ya hapo, imevuja, tupa. Lakini ikisoma juu hujathibitisha kwamba ni nzima. Umethibitisha tu kwamba haijapiga shoti.

Toyota mpya zaidi (1NZ-FE za baadaye, 2AZ-FE na wenzake) zina sensa bapa yenye tundu katikati, boliti inapita humo, na soketi yake ina pini mbili. Hii ndani ina rezista, inasoma kiloomu 120 hadi 280 ikiwa baridi, nyuzi 20 hivi.

Nissan nyingi za petroli: kiloomu 500 hadi 620 kwa nyuzi 25.

Bosch bapa za gari za Ulaya hazina rezista hiyo, zinasoma zaidi ya megaomu 1.

Unapopima weka multimita kwenye skeli ya megaomu 2, na usishike ncha za waya za mita kwa vidole vya mikono yote miwili. Mwili wa mtu nao ni rezista ya mamia ya kiloomu, hasa mikono ikiwa na jasho. Sensa ya kiloomu 200 itasoma 140 na utabishana na duka bure. Tumia klipu za mamba.

#2 · Koili_Nne

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kwenye sensa ya pini mbili ya Toyota, kwa sababu ukielewa umeme wake unaweza kugundua ugonjwa bila hata kuitoa.

Boksi linatoa volti 5 kupitia rezista yake ya ndani ya kiloomu 200. Sensa nayo ina kiloomu 200 kwenda chini. Rezista mbili sawa, kwa hiyo katikati panakaa volti 2.5. Sauti ya injini inapanda juu ya hizo 2.5 kama mawimbi madogo. Boksi linaleta P0327 volti zikishuka hadi 0.5 au chini, na P0328 zikipanda hadi 4.5 au juu.

Utaratibu wangu:

Chomoa soketi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, pima upande wa waya zinazotoka kwenye boksi. Ukipata kati ya 4.5 na 5.5, boksi na waya ni salama, geukia sensa. Ukipata sifuri, waya umekatika au umegusa bodi, au boksi limekufa.

Kama huna mita: gari ina P0327, chomoa soketi ya sensa, futa namba, washa. Namba ikibadilika kuwa P0328, shoti ilikuwa ndani ya sensa, maana ulipoichomoa saketi imefunguka kama inavyotakiwa. P0327 ikibaki palepale, shoti iko kwenye waya.

Gari ina P0328, fanya kinyume. Chomeka rezista ya kiloomu 200 kwenye soketi ya waya badala ya sensa, futa namba, washa. P0328 isiporudi, sensa ndiyo imekatika ndani. Ikirudi, tafuta waya.

Sasa sikilizeni kitu ambacho wengi hawakipigii hesabu. Ili volti zishuke hadi 0.5, ukinzani wa sensa lazima ushuke hadi kiloomu 22 hivi. Ili zipande hadi 4.5, lazima ufike megaomu 1.8. Kitabu kinasema sensa nzima ni 120 hadi 280. Kati ya 22 na 120, na kati ya 280 na 1800, sensa ni mbovu na taa haiwaki! Maji yakiingia kwenye soketi na kuleta uvujaji wa kiloomu 50, jumla inakuwa kiloomu 40 na volti zinakaa kama 0.83. Skana inasema hakuna tatizo, huku sauti inayofika kwenye boksi imepungua na kuchafuka. Ndiyo maana nasema pima hata kama hakuna namba, iwapo dalili zipo.

#3 · Likoni254

Salamu wakuu. Mimi swali langu halina namba kabisa. Probox ya 1NZ, taa haijawaka. Nairobi inatembea vizuri. Ikishuka Mombasa, ukiikanyaga kwenye gia kubwa inalia kama changarawe kwenye mkebe, halafu inatulia. Mekanika amesema ni sensa ya noki. Nibadilishe?

#4 · FundiMita

Ndugu Likoni254, usibadilishe bado. Inalia "halafu inatulia", maana yake kuna kitu kimesikia na kurudisha cheche. Sensa yako inaelekea kufanya kazi.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa pale ni kama kilopaskali 82 au 83, Mombasa ni 101. Injini isiyo na tabo Nairobi inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo hata ukikanyaga mpaka mwisho silinda haifikii shinikizo la pwani. Ugonjwa uleule unaojificha juu unajitokeza chini, na joto la pwani linauongeza nguvu. Kaboni kwenye pistoni, mchanganyiko wenye hewa nyingi, injini yenye moto: vyote hivyo Nairobi vinasamehewa.

Hakikisha kwanza mlio ni wa uwakaji na si wa beringi. Mlio wa uwakaji ni mwembamba, unatoka injini ikibebeshwa mzigo kwa mizunguko ya chini au ya kati, na unakata mara unapolegeza mguu. Beringi ya koni-rodi ni mlio mzito, unasikika hata ukiwa umesimama ukipandisha mizunguko, na mara nyingi unaongezeka unapoachia mafuta. Ukisikia huo wa pili zima injini, hayo ni mambo ya kushusha sampu.

#5 · Dada_Spana

Naingia hapo kwenye kugonga kweli, maana ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Likoni254, fuata mpangilio huu. Nimeupanga kuanzia kwa cha bei rahisi.

Mafuta. Petroli ya kawaida ya Japani ni okteni (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) 89 kwa kipimo cha RON, ile ya juu ni 96. 1NZ yako ilitengenezwa kwa hiyo ya kawaida, kwa hiyo petroli safi ya kituo cha kuaminika inaitosha. Tatizo linakuja ikichakachuliwa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ya chini sana. Serikali zetu zimepigana na mchezo huo kwa ushuru: Tanzania ilipandisha wa mafuta ya taa mwaka 2011, Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya ife. Bado hutokea. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka bila alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la kunata. Kipimo hiki hakitoi namba, kinatoa tahadhari tu. Maliza tangi, jaza kituo kingine, usikilize tena.

Joto. Soma joto la maji kwenye skana, usiamini mshale wa dashibodi, kwa sababu kwenye gari nyingi umetengenezwa kutulia katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa. Themostati ya 1NZ inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Kama imeng'olewa, na mafundi wengi wana tabia hiyo, irudishe. Na kama rejeta ina maji ya bomba badala ya kulanti, kutu na chokaa zinaganda kwenye njia za silinda hedi, sehemu moja inakuwa ya moto sana wakati sensa ya joto inasoma kawaida.

Hewa na mafuta. Angalia kwenye skana marekebisho ya mafuta ya muda mrefu na mfupi, yaani asilimia ya petroli ambayo boksi linaongeza au kupunguza, jumlisha. Jumla ikizidi asilimia 10 upande wa kuongeza, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Tafuta hosi iliyopasuka, gaskiti ya manifoldi, kisha presha ya petroli: 1NZ-FE inatakiwa kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Chini ya hapo ni pampu, filta au regyuleta.

Sensa ya hewa, MAF. Hii ina madhara mawili kwa pamoja. Waya wake ukipakwa vumbi inasoma hewa pungufu. Boksi linatoa petroli kidogo, na papo hapo linadhani mzigo ni mdogo, kwa hiyo linawahisha cheche kama vile gari haijabeba kitu. Mchanganyiko mkavu na cheche ya mapema kwa wakati mmoja, lazima igonge. Isafishe kwa dawa ya MAF, si ya kabureta, na usiguse waya kwa kitambaa wala brashi.

Plagi. 1NZ inataka daraja la joto la 5 kwa NGK au 16 kwa Denso, pengo mm 1.1. Kwa kampuni zote mbili namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Mtu akikufungia ya moto zaidi ya hapo, ncha yake inageuka kaa linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche.

Kaboni. Pima kompresheni. Ya kiwandani kwa 1NZ-FE ni kilopaskali 1471, kiwango cha chini 1079, tofauti kati ya silinda isizidi 98. Watu huangalia tu iliyoshuka. Ikizidi sana hiyo ya kiwandani, kuna kaboni imejaa juu ya pistoni na imepunguza nafasi. Injini inayokula oili inagonga zaidi kwa sababu mbili: inaacha kaboni, na mvuke wa oili unashusha okteni ya mchanganyiko. 1ZZ na 2AZ zenye ringi zilizoganda zinajulikana kwa hilo.

#6 · Koili_Nne

Na kama una skana inayosoma Toyota kwa undani, kuna mistari miwili: "Knock Feedback Value" na "Knock Correct Learn Value". Wa kwanza unaonyesha kinachofanyika sasa hivi, wa pili ni kumbukumbu ya siku zilizopita. Tafuta mlima, Kitonga kwa waliopita Iringa au kokote unakoweza kubana injini kwa gia moja, mizunguko 2000 hadi 3000, kanyagio nusu, abiria mmoja asome skana. Namba ya wa kwanza ikichezacheza, sensa inasikia. Wa pili ukiwa mkubwa ni afya, ukishuka siku hadi siku injini inagonga mara kwa mara. Jaza mafuta mazuri, tembea, uone kama unapanda. Ukipanda, umeshapata jibu bila kufungua boliti.

Vifaa vidogo vya bluetooth havionyeshi mistari hiyo, vinaonyesha taimingi ya jumla tu. Inatosha kuanza. Na baadhi ya gari za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 havisomi kabisa. Usihangaike: unganisha pini 13 na 4 kwenye soketi ya chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, washa swichi, hesabu mwanga wa taa ya injini. Mara tano, kituo, mara mbili ni 52, sensa ya noki ya kwanza. 55 ni ya pili kwenye injini zenye mbili. Ikiwakawaka haraka bila kituo, hakuna namba. Hakikisha pini mara mbili kabla ya kuunganisha, pini 16 kwenye soketi hiyohiyo ina umeme wa betri.

#7 · Mwanza_V6

Wakuu, Harrier 1MZ-FE imeleta P0330. Giaboksi haiingii overdrive (gia ya juu kabisa), mizunguko inakaa juu kwenye lami. Nimepima kutoka kwenye soketi ya boksi, sensa zote mbili zinasoma juu ya megaomu 1. Sensa si nzima hizo?

#8 · FundiMita

Mkuu Mwanza_V6, hapo ndipo kipimo cha waya mmoja kinapodanganya. Waya ukikatika katikati nao unasoma juu ya megaomu 1. Huwezi kutofautisha sensa nzima na waya uliokatika ukiwa umekaa kwenye boksi. Na overdrive kugoma ni jambo la kawaida kwa Toyota za V6 zikiwa na namba hizi, usikimbilie kushusha giaboksi.

Kwenye 1MZ sensa mbili ziko bondeni katikati ya safu za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. P0325 ni safu ya upande wa ukuta wa dashibodi, P0330 ni safu ya upande wa rejeta. Kabla ya kufungua chochote, tafuta soketi ambapo waya wa sensa unatoka bondeni na kuungana na waya mkuu. Badilishana hapo: waya wa boksi wa sensa ya kwanza upeleke sensa ya pili, na kinyume. Futa namba, endesha. Namba ikihamia P0325, tatizo liko bondeni, sensa au kipande chake cha waya. Ikibaki P0330, liko kati ya soketi hiyo na boksi, na umejiokoa kazi ya siku nzima.

Ikihamia, manifoldi lazima itoke. Nunua gaskiti zote za juu na chini kabla, sensa mbili, na kile kipande cha waya cha bondeni. Kile kipande kinakaa kwenye joto miaka na miaka, plastiki inakuwa kama biskuti, ukikigusa tu kinavunjika. Kurudisha cha zamani na sensa mpya ni kujiandalia kuifungua tena. Ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi mara manifoldi inapotoka, nati ikidondoka humo itabidi ufungue hedi.

#9 · Gongo_la_Mboto_Auto

Mbona mnahangaika. Kuna njia ya mkato, unachomeka rezista ya kiloomu 200 kwenye soketi unaifunga na tepu. Taa inazima, gari inapata nguvu. Sensa ya nini.

#10 · Koili_Nne

Mkuu, naomba usiwashauri watu hivyo. Rezista nimeitaja kwenye #2 kwa dakika tano za kupima gari ikiwa imesimama. Ukiiacha humo, boksi linaona volti 2.5, linaamini sensa ipo na injini iko kimya kabisa. Halitachelewesha cheche tena hata injini ikigonga namna gani. "Nguvu" unayoisikia ni cheche iliyowahishwa mpaka mwisho wa ramani bila mlinzi. Siku ya mafuta mabaya na mzigo, kingo za pistoni kati ya ringi zinavunjika. Na kwenye zile za waya mmoja haisaidii hata kuzima taa, kwa sababu boksi linatafuta kelele ya kawaida ya injini mizunguko ikipanda. Rezista haitoi kelele.

#11 · Dada_Spana

Naunga mkono kwa nguvu zote. Bora ubaki na P0325 na gari nzito kuliko hiyo rezista. Taa ikiwaka angalau boksi limechelewesha cheche na injini iko salama.

#12 · XTrail_Dom

Habari za humu. X-Trail QR20. Nimenunua sensa mbili za dukani, moja inasoma kiloomu 555, nyingine 1,020. Muuzaji anasema zote sawa. Halafu ya 555 ilidondoka sakafuni.

#13 · FundiMita

Ya 1,020 irudishe, iko nje ya 500 hadi 620. Ya 555 ukinzani wake ni mzuri lakini imedondoka, na Nissan wenyewe wanakataza kufunga sensa iliyoanguka au kugongwa. Piezo ni kama kipande cha kigae: ufa mdogo hauonekani na rezista ya pembeni itaendelea kusoma vizuri.

Kama huna nyingine, ijaribu kwanza. Ifunge kwa boliti kwenye chuma kizito, unganisha mita kwenye volti za AC skeli ya milivolti, gonga chuma kwa mpini wa bisibisi, umbali wa sentimita chache. Lazima namba iruke kila ukigonga. Usigonge sensa yenyewe. Isiporuka imekufa. Ikiruka, bado haijakuambia kama ukali wake ni sahihi, ila unajua inaishi.

#14 · Mzee_Distributa

Vijana mmesahau sisi wa injini za distributa, Toyota 4A, 5A na 3S. Huku taimingi ya msingi inazungushwa kwa mkono, na nusu ya injini "zinazogonga" zimezungushwa vibaya. Utaratibu: injini ipate joto kamili, AC na taa vizimwe, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia, kisha ndipo uelekeze taa ya taimingi kwenye puli. Alama ikae nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Zungusha distributa, kaza, pima tena baada ya kukaza maana hujisogeza. Toa waya, taimingi itapanda yenyewe.

Asiyeunganisha TE1 na E1 anapima taimingi ambayo kompyuta inaichezea muda wote. Ataiweka 10 wakati msingi uko mahali pengine kabisa, gari itakosa nguvu au itagonga, na sensa italaumiwa.

#15 · Koili_Nne

Asante mzee. Na kwa walio na koili juu ya kila plagi: hakuna cha kuzungusha, lakini pima. Pini 13 na 4 zikiunganishwa, 1NZ na 1ZZ zinatakiwa nyuzi 8 hadi 12 zikiwa silensa (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta). Klipu ya taa ya taimingi iende kwenye waya wa koili namba 1.

Ikiwa nje ya hapo, mambo matatu. Puli ya kranki ina mpira katikati, mpira ukichoka pete ya nje inateleza na alama inahama nayo: taimingi ni nzuri, alama ndiyo mwongo. Weka pistoni ya kwanza juu kwa kuipima kupitia tundu la plagi, ulinganishe na alama. La pili, gurudumu la meno la sensa ya kranki: nafasi ni 36 na meno mawili hayapo, kila jino ni nyuzi 10. Jino lililopinda wakati wa kubadilisha sili linavuruga hesabu yote. La tatu, ufunguo wa kranki uliolika, yaani kile kipande cha chuma kinachozuia vilivyofungwa kwenye kranki visiteleze.

Cheni ikiruka jino, cheche haihami, kwa sababu inasomwa kutoka kranki. Kinachohama ni valvu. Utaona P0016 (kranki na kamshafti hazilingani), injini haina nguvu, na taa ya taimingi inasema kila kitu sawa. Kabla ya kufungua kava la cheni angalia valvu ya oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka): koili yake isome omu 6.9 hadi 7.9, na kichujio chake kidogo kisiwe kimeziba.

#16 · Likoni254

Nimerudi na majibu. Joto la maji 88. Marekebisho ya mafuta jumla ni +17 barabarani, silensa +4. Presha ya petroli 320. Plagi ni daraja sahihi. Mafuta nimebadilisha kituo, mlio umepungua lakini upo.

#17 · Dada_Spana

Presha ni nzuri, na silensa iko karibu sawa huku barabarani inaomba asilimia 17. Hosi iliyopasuka ingefanya kinyume: ingesumbua zaidi silensa, kisha ipungue hewa ikiwa nyingi. Kinachokosea zaidi kadiri hewa inavyoongezeka ni MAF. Isafishe, iache ikauke kabisa, chomoa fyuzi ya EFI dakika moja ili kumbukumbu ifutike, endesha siku mbili uangalie tena. Ikibaki juu ya 10, jaribu MAF nyingine kabla ya kununua, na pima presha ya petroli gari ikiwa kwenye mzigo, maana 320 ya silensa haikuonyeshi filta iliyoziba nusu.

#18 · FundiMita

Nakubaliana na dada. Na kwa yeyote atakayefika hatua ya kufunga sensa mpya, ufungaji ndio unaoharibu nyingi:

Pakwaruze pale inapokaa mpaka chuma kiwe cheupe, bila kutu, rangi wala gaskiti ya kumimina. Usiweke washa kati ya sensa bapa na bloku, wala tepu nyeupe ya mabomba kwenye manyoya ya ile ya waya mmoja: bodi yake ndiyo waya wa chini. Toki ya sensa bapa ya Toyota ni N·m 20. Bosch ni 20, kuzidi au kupungua 5. Subaru EJ20 ni 24, na soketi iangalie nyuma kwa pembe ya nyuzi 60. Ukikaza kupita kiasi unaibana piezo na ukali wake unabadilika, ukilegeza inaanza kulia kwa sauti yake yenyewe. Tumia toki renchi.

Waya wake una koti la nyuzi za chuma. Ukiuunga, unga na koti pia, usiache sehemu tupu karibu na waya za koili. Panya wakishaukata, usiunge vipande vitatu vinne, badilisha waya mzima mpaka kwenye soketi.

Kisha angalia vinavyopiga kelele karibu: kinga ya joto ya ekzosi iliyolegea, mkono wa alteneta, beringi ya tenshena, mauntini iliyokatika inayogusisha injini na chasi. Sensa haijui chanzo cha mtikisiko. Kama sauti iko kwenye eneo lake na ndani ya muda wa kusikiliza, cheche zinarudishwa nyuma. Ondoa mkanda wa nje, washa injini kwa sekunde chache tu maana pampu ya maji nayo inaweza kuwa kwenye mkanda huo, pandisha mizunguko kidogo uone kama urudishaji unatoweka.

#19 · Mwanza_V6

Nimebadilishana waya kama ulivyosema. Namba imebaki P0330.

#20 · FundiMita

Basi usiguse manifoldi. Fuata waya wa sensa ya pili kutoka soketi hiyo hadi boksi: lazima usome chini ya omu 1 mwanzo hadi mwisho, na zaidi ya kiloomu 10 kati yake na bodi, boksi likiwa limechomolewa. Utikise waya huku mita imeunganishwa, hasa unapopita ukuta wa dashibodi na unapopinda karibu na betri. Weka majibu hapa.

#21 · Mwanza_V6

Ukutani, kwenye mpira unapopita waya, mita inaruka ukiutikisa. Nimefungua tepu, shaba imegeuka kijani kama sentimita 4.

#22 · FundiMita

Kata mpaka ufike shaba inayong'aa pande zote mbili, ungia kipande kipya chenye koti, chomelea kwa risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Koti la chuma liungwe upande wa boksi kama lilivyokuwa, lisiguse bodi hapo katikati. Futa namba, pandisha juu ya mizunguko 2000 kwa dakika chache injini ikiwa na joto. Isiporudi, overdrive itaingia yenyewe.